Majina ya Ardhi: Funzo Kutoka Misungwi



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza habari za mikarafuu, uanikaji na bei. Leo twaomba ruhusa tuvuke bahari twende Misungwi, katika Mkoa wa Mwanza, kwa wakulima wenzetu wa pamba na mpunga. Wana jambo linalotuhusu na sisi, nalo ni majina ya mahali.

Msukuma haiiti ardhi jina ovyo. Juu, chini ya majabali ya kilima, kuna luseni, mchanga mwepesi usiomchosha mwenye jembe, nao wafaa mihogo na karanga. Ukiteremka wakuta itogolo, ardhi yenye tabaka gumu lizuialo maji, ambamo hulimwa mpunga katika majaruba. Bondeni kabisa ni mbuga, udongo mweusi upasukao kiangazi na kunata wakati wa mvua. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, kilichomo wilayani humo, waliyachukua majina hayo hayo wakayatumia katika maandishi yao.

Hata pande za dunia zina mambo yake. Sukuma ni kaskazini, Dakama ni kusini, Kiya ni mashariki na Ng'weli ni magharibi. Basi Wasukuma maana yake ni watu wa kaskazini. Sisi nasi kaskazini na kusini yetu twaihusisha na pepo za kaskazi na kusi.

Lakini jina lisiloandikwa hupotea upesi. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu wengi wakaacha mahame, na majina ya visima na vijito yakabaki vinywani mwa wazee. Waandishi nao hawapatani: kata moja ya Misungwi wengine huiandika Koromije, wengine Kolomije. Na tarehe 19 Juni 2025 lilipofunguliwa daraja kubwa la kutoka Kigongo hadi Busisi, lilipewa jina la J. P. Magufuli. Heshima hiyo ni njema, ila na jina la Kigongo lisisahauliwe.

Hasara yake si ya maneno matupu. Panapozuka ugomvi wa mpaka, mzee husema, "Ni kutoka jabali fulani hata kijito fulani." Akifariki mzee huyo, na vijana wasijue ni jabali lipi, shamba la mayatima huliwa mchana kweupe.

Sisi visiwani tuna kinongo, kinamo na uwanda. Kila mpanda mikarafuu ajua kwamba uwanda, wenye mawe mengi na udongo haba, si mahali pa mkarafuu. Jina peke yake limekwisha kumwonya kabla hajachimba shimo.

Basi twashauri kila tawi litafute daftari moja na kijana mwenye mwandiko mzuri. Atembee shambani pamoja na wazee, waume kwa wake, maana wateka maji ndio wavijuao visima. Aandike jina kama litamkwavyo, maana yake, udongo wake, na mahali penyewe palipo. Wazee wakihitilafiana, aandike majina yote mawili.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na ardhi ndiyo mali yetu ya kwanza.