Wikiendi za Volantia Katika Baridi ya Polandi

Ushauri wa kawaida kwa mtu anayetaka kuitembelea Polandi ni kwamba asubiri joto: aende Juni, Julai au Agosti, wakati meza za mikahawa zimetolewa nje na jua linachelewa kuzama. Kwa mwenye likizo ya siku kumi, ushauri huo hauna kasoro. Lakini wapo wageni wa aina nyingine, vijana waliokwenda kujitolea kwa miezi kadhaa katika chekechea, nyumba za wazee au vituo vya wakimbizi, na hao Machi huwakuta huko huko, wapende wasipende. Kishawishi chao kikubwa ni kujifungia ndani kila Jumamosi na Jumapili wakingoja hali ya hewa itengemae. Naona hesabu hiyo haikai sawa. Kwa mtu aliyekwenda kufanya kazi na watu, machipuko ya baridi ndiyo majira bora ya kutembea, na sehemu kubwa ya ubora huo inatokana na baridi yenyewe.

Si baridi ya kubeza. Kalenda inasema machipuko yameanza Machi 20 au 21, ila wastani wa joto Warszawa mwezi huo ni nyuzi chache tu juu ya sifuri, maji huganda usiku, na theluji yaweza kuanguka Aprili katika siku ile ile iliyopambazuka kwa jua. Wenyeji wana watakatifu wao wa kuipima hali hiyo: Pankrasi, Servasi na Bonifasi, ambao huadhimishwa Mei 12, 13 na 14 na huitwa watunza bustani wa baridi, wakifuatiwa na Sofia wa baridi Mei 15. Mwenye bustani makini hatoi miche ya nyanya nje kabla hawajapita. Basi volantia anayengoja joto la uhakika atakuwa ameila Machi, Aprili na nusu ya Mei bila kuona kitu, na kama mkataba wake ni wa miezi sita, hiyo ni karibu nusu yake.

Tazama anachokosa. Julai shule zimefungwa, familia nyingi zimekwenda Bahari ya Baltiki au milimani, na katikati ya Kraków mgeni hukutana zaidi na wageni wenzake. Machi na Aprili nchi iko nyumbani. Machi 21 watoto hutengeneza Marzanna, mwanasesere wa nyasi kavu aliyevishwa vitambaa, wakamtembeza kisha wakamchoma au kumtosa mtoni ili majira ya baridi yaondoke naye. Jumapili ya Matawi, katika kijiji cha Łyse kaskazini-mashariki, watu huandamana na matawi yenye urefu wa mita kadhaa, yaliyofumwa kwa majani ya porini na maua ya karatasi, kwa kuwa mitende haioti huko. Jumamosi Kuu ni zamu ya vikapu. Ndani ya kikapu kimoja mna mayai yaliyotiwa rangi, mkate, soseji, chumvi kidogo, kipande cha mzizi mkali unaochoma pua, na mwanakondoo mdogo aliyefinyangwa kwa siagi au sukari. Juu kimefunikwa kitambaa cheupe kilichotariziwa. Padri anapita akinyunyiza maji ya baraka huku watu wamejikunyata ndani ya makoti. Volantia wa chekechea aliyeyaona haya ana la kuzungumza na watoto wiki inayofuata. Na akimwagiwa maji Jumatatu ya Pasaka, atajua kuwa ni mila, hakuna aliyemchokoza.

Baridi pia humsukuma mtu ndani, na mengi ya maana yamo humo. Mgodi wa chumvi wa Wieliczka, jirani na Kraków, una joto la nyuzi 17 hadi 18 mwaka mzima, hivyo anayeingia humo Machi anakwenda kuota joto. Njia ya watalii inateremka hadi mita 135 chini ya ardhi. Katika mita 101 kuna kanisa la Mtakatifu Kinga, lililochongwa na wachimbaji wenyewe: sakafu, sanamu za ukutani na altare ni chumvi, na hata taa zinazoning'inia zimepambwa kwa fuwele zake. Mwaka 1978 mgodi huu ulikuwa miongoni mwa maeneo 12 ya kwanza duniani kuingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO.

Atatokea wa kusema kwamba aliyekwenda kujitolea hakwenda kutalii, tena kwa fedha za wengine. Jibu la kikanuni lipo. Mpango wa Umoja wa Ulaya uitwao European Solidarity Corps, unaopeleka vijana wa miaka 18 hadi 30, unataka kazi ya saa 30 hadi 38 kwa wiki na siku mbili mfululizo za mapumziko. Lakini jibu lenye uzito ni lile la kazi yenyewe. Anayemhudumia bibi wa Warszawa bila kujua kwamba Mji Mkongwe uligeuzwa kifusi na Wajerumani mwaka 1944, ukajengwa upya baada ya vita kwa msaada wa michoro ya Bernardo Bellotto ya karne ya 18, hatajua bibi huyo anazungumzia nini. Katika Mtaa wa Muranowska jijini humo, mbali kidogo na njia za watalii, kuna mnara wa mwaka 1995 wenye umbo la behewa la wazi lililosheheni misalaba, ukumbusho wa Wapolandi waliopelekwa mashariki na Wasovieti na waliouawa huko. Msomaji wa Arusha ana sababu ya kuufahamu: baadhi ya walionusurika safari hizo walipitia Iran, na kuanzia 1942 wakahifadhiwa Tengeru, jirani na Arusha, wengine Masindi na Koja nchini Uganda. Tengeru walifika takriban 5,000, na makaburi yao yapo hadi leo. Kijana anayewagawia chakula Waukraine waliokimbilia Polandi tangu Februari 2022 anafanya kazi katika nchi ambayo watu wake nao walishapokelewa ugenini.

Pingamizi zito zaidi linahusu kambi ya Auschwitz-Birkenau, ambako Wanazi waliua watu wapatao milioni 1.1, walio wengi Wayahudi. Je, ni adabu kupaweka hapo katika orodha ya matembezi? Inategemea namna. Zipo ziara zinazouza kambi hiyo na mgodi wa chumvi kwa siku moja, na hizo sizitetei. Volantia ana wikiendi nyingi. Anaweza kuipa siku nzima, akahifadhi nafasi mapema (kuingia ni bure), akaenda kabla ya msongamano wa kiangazi. Birkenau ni uwanja mpana, na upepo haukatizwi na kitu. Asijidanganye tu kwamba kwa kutetemeka amehisi walichohisi wafungwa: yeye ana koti, na tiketi ya kurudi.

Posho ya volantia ni euro chache kwa siku, kweli. Kwa posho hiyo ipo mikahawa iitwayo baa za maziwa, iliyoenea enzi za ukomunisti na ambayo serikali bado huichangia: unapanga foleni, unasoma bei ukutani, unapokea dirishani bakuli la żurek, supu chachu yenye soseji na yai. Hakuna chakula kinachoendana na mvua ya theluji kama hicho. Mkate ununuliwe Jumamosi, maana sheria iliyoanza 2018 imefunga maduka mengi Jumapili.

Mahali ambapo hoja yangu haifiki ni milima ya Tatra. Juu huko theluji hukaa hadi Mei, maporomoko yake huua, na mgeni asiye na vifaa wala uzoefu asubiri Juni. Bonde la Chochołowska lililo chini linapitika, na kati ya Machi na Aprili hujaa maua ya zambarau yanayochomoza theluji ikiyeyuka. Bahati mbaya Wapolandi nao wanalijua hilo, na Jumamosi ya maua foleni ya magari haina tofauti na ya Julai.