Nyegere na Ndege wa Migunga

Leo twapenda kuwaeleza wasikilizaji wetu wa Musoma, Bunda na Butiama habari za viumbe wawili wa nchi yao: nyegere, na ndege mdogo wa kijivu ambaye wataalamu humwita apalisi wa Karamoja.

Wote wawili wana uti wa mgongo, na hapo ndipo udugu wao ukomapo. Nyegere ni mamalia, wa oda ya wala-nyama, na familia yake ni ile ile ya fisi maji wa ziwani. Katika jenasi yake, Mellivora, maana yake mla asali, yumo peke yake. Wengi humtaja pamoja na yule ndege aongozaye watu kwenye mizinga. Lakini huyo hahesabiwi miongoni mwa ndege waimbao, bali ni jamaa ya vigong'ota. Apalisi ndiye mwimbaji wa kweli, wa oda ya Passeriformes, ambayo ina zaidi ya nusu ya ndege wote wa dunia. Jina lake la kitaalamu alipewa mwaka 1921, kwa ajili ya nchi ya Karamoja katika Uganda.

Sasa, yupi yu hatarini? Mtu angedhani ni nyegere, maana ana adui wengi. Huvunja mizinga, huua kuku, naye huwindwa kwa hayo. Lakini hula karibu kila kitu: asali, panya, nyoka, wadudu, hata mizizi, na ngozi yake nene imelegea hata aweza kujigeuza ndani yake na kumwuma amshikaye. Huonekana toka Afrika ya Kusini hata Bara Hindi. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemweka katika daraja la wasiotia wasiwasi mkubwa, ijapokuwa idadi yake yapungua.

Apalisi hana adui amjuaye kwa jina, lakini ndiye aliyeandikwa miongoni mwa walio hatarini. Hutafuta wadudu hasa katika ile migunga mifupi yenye vinundu vikaavyo sisimizi, iotayo penye udongo mweusi wa mbuga. Tena hupatikana katika vipande vichache tu vya Uganda, Kenya na Tanzania, magharibi ya Serengeti ikiwamo. Ndani ya hifadhi, iliyotangazwa mwaka 1951, migunga hiyo ina ulinzi. Nje yake hukatwa kwa mashamba na kwa makaa.