Kupima Umilisi wa Kusema: Tunachoweza Kujifunza Masaka

Msomaji akisikia jina la Masaka, huenda akaufikiria mji wa Uganda ulio katika barabara ya Kampala kuelekea Mbarara. Masaka tunayoizungumzia katika makala haya ni sekta, au umurenge kwa Kinyarwanda, iliyo katika wilaya ya Kicukiro, upande wa mashariki wa jiji la Kigali. Hapo ndipo ilipo Hospitali ya Masaka, na ndipo ilipopangwa kuhamishiwa hospitali ya rufaa na ya kufundishia ya CHUK kutoka katikati ya jiji. Hapo pia, mwezi Oktoba 2023, kilizinduliwa kituo cha IRCAD Africa, tawi la taasisi iliyoanzishwa Strasbourg, Ufaransa, mwaka 1994. Madaktari huenda huko kujifunza upasuaji wa matundu madogo unaoongozwa na kamera.

Walimu wa Kiswahili wanatafuta nini huko? Tunatafuta jibu la swali linalotusumbua kila mwisho wa muhula. Daktari mpasuaji hafuzu kwa kuandika insha juu ya upasuaji. Hushika vifaa, mkufunzi akamtazama mikono, akamsahihisha, akamrudisha mezani afanye tena. Kwa upande wetu, mwanafunzi anaweza kupata alama ya juu katika karatasi ya “Eleza dhima tano za kiimbo katika Kiswahili”, kisha akaingia darasani na kushindwa kumwelekeza mtoto wa kidato cha kwanza kwa sentensi tatu zilizonyooka.

Jambo hili lina uzito wa pekee nchini Rwanda. Nchi hiyo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Mtaala wa shule unaojikita katika uwezo wa mwanafunzi ulianza kutekelezwa mwaka 2016. Yaani mwalimu anayehitimu chuoni anatarajiwa kuwafanya wanafunzi watende kwa lugha. Ikiwa yeye mwenyewe hakuwahi kupimwa akitenda, atafundisha kama alivyotahiniwa: orodha za ngeli ubaoni na ufafanuzi wa kukariri. Mtaala utabaki kwenye jalada lake.

Ikumbukwe kwamba wahadhiri wengi huajiriwa kwa sababu ya shahada zao za juu katika isimu au fasihi. Kujua mofolojia hakumfanyi mtu ajue kutunga swali la mofolojia. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Rwanda, kilichoundwa mwaka 2013 kwa kuunganisha taasisi za umma za elimu ya juu, kimekuwa na mafunzo ya cheti cha uzamili kuhusu ujifunzaji na ufundishaji katika elimu ya juu, yaliyolengwa kwa wahadhiri wenyewe. Kiini cha mafunzo ya namna hii ni wazo ambalo John Biggs alilifafanua mwaka 1996: malengo ya moduli, kazi za darasani na mtihani vielekee upande mmoja. Likisikika kama jambo la wazi mno, tunawaomba wasomaji wachukue muhtasari wa moduli yoyote, wapigie mstari vitenzi vya malengo, kisha wavitafute vitenzi hivyo katika karatasi ya mtihani. Malengo husema “azungumze”, “afundishe”, “atafsiri”. Karatasi husema “eleza”, “taja”, “jadili”.

Zipo idara zinazofanya mtihani wa mdomo, nasi tunaziunga mkono. Hata hivyo, mtihani wa mdomo wa kawaida una kasoro ambayo wenzetu wa tiba waliishughulikia zamani. Mwanafunzi mmoja huketi mbele ya mtahini mpole na kuulizwa habari za kijijini kwao. Mwenzake hukutana na mtahini mkali anayetaka aeleze historia ya usanifishaji. Alama zao zitalinganishwaje? Katika tiba hali ilikuwa hiyo hiyo: alama ilitegemea mgonjwa uliyepangiwa na mtahini uliyemkuta. Mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, walichapisha utaratibu mwingine. Walipanga vituo kadhaa, kila kimoja na kazi yake na mtahini wake mwenye orodha ya vigezo. Kengele ikilia, wanafunzi wanahama. Wote hufanya kazi zile zile, na kila mmoja hupimwa na watahini wote. Utaratibu huo sasa unatumika katika vyuo vya tiba duniani kote.

Tunaamini kwamba unaweza kuhamia kwenye Kiswahili bila taabu kubwa. Mathalani, kwa wanafunzi ualimu wa Rwanda tungepanga vituo sita. Kituo cha kwanza, asikilize taarifa fupi ya habari na kuisimulia kwa maneno yake. Cha pili, amweleze mwanafunzi wa kidato cha pili kwa nini tunasema “ng’ombe wangu anaumwa”. Cha tatu, amwelekeze mgeni njia. Cha nne, asome insha ya mwanafunzi na kutoa maoni yake kwa sauti. Cha tano, atafsiri papo kwa papo kutoka Kinyarwanda. Cha sita, aendeshe mazungumzo ya simu ya kuahirisha miadi na mtu anayemzidi umri.

Kituo cha pili hatukukichagua ovyo. Katika Kinyarwanda ng’ombe hubaki katika upatanisho wa ngeli yake: inka yanjye irarwaye. Kiswahili sanifu huwapeleka wanyama kwenye upatanisho wa ngeli ya watu. Mwanafunzi anayesema “ng’ombe yangu inaumwa” hakukosa kwa uvivu. Anafuata mantiki ya lugha yake, ambayo kwa kweli ina uthabiti kuliko yetu. Mwalimu mzuri ataijua tofauti hiyo na kuieleza. Vivyo hivyo kituo cha tano: neno ejo la Kinyarwanda ni jana na pia ni kesho, na ni kitenzi kinachoamua. Sentensi moja yenye neno hilo itaonyesha kama mtahiniwa anasikiliza njeo au anaokota maneno tu.

Sasa suala gumu: vigezo. Kinyarwanda hakitofautishi maana kwa l na r, hivyo wanafunzi wengi huzichanganya. Mtahini mmoja atakata alama kila mara, mwingine hatasikia kitu. Pendekezo letu ni kwamba mchanganyo huo ukatiwe alama pale tu unapovuruga maana. Anayesema “kurara” badala ya “kulala” ameeleweka. Anayesema “mahari” akikusudia “mahali” amemwacha msikilizaji akiwaza mambo ya posa. Wapo watakaotupinga, wakisema mwalimu mtarajiwa hana budi kuwa na matamshi sanifu. Hoja hiyo ina nguvu, nasi tungeikubali kwa mwaka wa mwisho. Kisichokubalika ni kila mtahini kuwa na sheria yake moyoni. Kabla ya siku ya mtihani, watahini wasikilize pamoja rekodi tatu au nne za wanafunzi wa miaka iliyopita, kila mmoja atoe alama peke yake, ndipo walinganishe. Tofauti zitakazojitokeza ndizo ajenda ya kikao.

Aidha, orodha ya vigezo isiwe ndefu kupita kiasi. Utafiti wa miaka ya 1990 katika tiba ulionyesha kwamba orodha za kutia vema huweza kumwadhibu mtu mahiri, kwa kuwa yeye huruka hatua ambazo mwanagenzi huzipitia moja moja. Msemaji hodari wa Kiswahili naye hufupisha, hudokeza, hutania. Kwa hiyo tungeweka vigezo vinne au vitano kwa kila kituo, pamoja na alama moja ya jumla itokanayo na uamuzi wa mtahini.

Na gharama je? Tufanye hesabu. Wanafunzi 60, vituo 6, dakika 6 kwa kila kituo na dakika 1 ya kuhama. Kundi la wanafunzi 6 humaliza kwa dakika 42. Makundi 10 ni dakika 420, yaani saa 7, pasipo kuhesabu mapumziko. Watahini 6 kwa saa 7 ni saa 42 za kazi. Mtihani wa mdomo wa kawaida, wenye watahini 2 na dakika 15 kwa kila mwanafunzi, huchukua saa 15, yaani saa 30 za kazi. Vituo basi vinakula nguvu kazi zaidi, ila vinaisha kwa siku moja. Idara yenye wahadhiri watatu haitaweza peke yake. Inaweza kupunguza vituo viwe vitatu, au kuwaomba walimu wazoefu wa shule za jirani. Sisi tungependelea njia hii ya pili, kwa sababu wao ndio watakaowapokea wahitimu.

Mwisho ni suala la wakati. Katika elimu ya juu nchini Rwanda krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zikiwemo saa anazojisomea. Moduli ya krediti 10 ina saa 100, na sehemu kubwa ya hizo hatuzioni. Tukivianza vituo viwili au vitatu katikati ya muhula, bila alama, mwanafunzi atajua nini cha kufanyia mazoezi katika saa hizo. Rekodi ya kila mmoja ihifadhiwe, apewe aisikilize, na aandike nusu ukurasa juu ya alichokisikia. Simu ya mkononi inatosha kwa kazi hiyo. Rekodi hizo hizo zitamfaa mtahini wa nje, na pia mwanafunzi atakayekata rufaa.