Nataka Kuongoza Filamu: Nianzie Wapi Hapa Bunia?

Swali hili niliuliza kwanza nyumbani. Mama hakuinua macho kwenye maharage aliyokuwa akichambua. «Nani atakulipa?» akasema. Mwenzangu mmoja wa promosyo aliniambia nitafute kwanza tiketi ya ndege ya Kinshasa. Majibu haya mawili yana ukweli ndani yake, na ndiyo yaliyonifanya nitumie likizo nzima kutafuta la tatu. Ninaliandika hapa kwa kuwa najua siko peke yangu kitivoni mwenye ugonjwa huu.

Tuanze na jina la kazi yenyewe. Hapa mjini tunasema realizatere. Wenzetu wa Tanzania na Kenya wanasema mwongozaji, na wengi wetu tunamchanganya na mtayarishaji. Mtayarishaji ndiye anayetafuta feza, kulipa watu na kusimamia mikataba. Mwongozaji ndiye anayeamua: tupige picha ya nini, kamera ikae wapi, mtu aachwe aseme mpaka lini, na mwishoni kipi kibaki na kipi kitupwe. Katika filamu ya kubuni huwaongoza pia waigizaji. Katika filamu ya hali halisi, ile tunayoiita dokimantere, huku kwetu mara nyingi ni yeye mwenyewe anayebeba kamera, kwa kuwa hakuna feza ya kumlipa mwingine aibebe. Hapo swali la mama linarudi.

Mfano ulio karibu nasi kuliko yote ni Dieudo Hamadi, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1984. Chuoni hakusoma sinema. Alisoma mambo ya tiba hukohuko Kisangani. Sinema aliipata katika warsha za dokimantere na montaji, kisha akafanya kazi ya montaji katika televisheni. Mwaka 2010 filamu fupi alizoshiriki kuongoza zikaingia katika mkusanyiko wa filamu 4 za vijana wa Kongo, uliotayarishwa na Djo Munga na kuonyeshwa Berlin. Moja kati yake, aliyoiongoza pamoja na Divita Wa Lusala, inahusu akina mama wa Kinshasa waliozuiliwa hospitalini baada ya kujifungua kwa kukosa feza ya kulipa. Tangu hapo ametoa filamu ndefu kadhaa, na mwaka 2020 En route pour le milliard ilichaguliwa na tamasha la Cannes. Inafuata safari ya watu waliojeruhiwa katika vita vya siku 6 vya Kisangani, Juni 2000, wakishuka na mto hadi Kinshasa kudai haki yao.

Lakini filamu yake ninayomshauri kila mwanafunzi aitazame ni Examen d'État, ya mwaka 2014. Hadithi yake tunaijua sote tuliofanya Exetat. Vijana wa Kisangani wanafukuzwa darasani kwa kukosa feza ya kuwalipa walimu, wanakusanyika katika nyumba moja na kufungua «maki» yao. Wanasoma usiku, wanaombewa, wanatafuta njia za mkato. Niliitazama mara ya kwanza kama hadithi. Mara ya pili nilishika kalamu na daftari, nikaandika kila mahali ambapo kamera inabaki kwa mtu baada ya yeye kumaliza kusema. Hakuna sauti ya msimulizi inayotueleza nani ana kosa. Vijana wanasema wenyewe, Kiswahili, Lingala na Kifaransa vikipishana kama vinavyopishana kwenye beranda zetu. Anayetaka kujua mwongozaji anafanya nini, afanye zoezi hilo. Halina gharama, isipokuwa megabaiti za kuipata filamu.

Zoezi la pili lilinigharimu aibu. Asubuhi moja nilikwenda sokoni na telefone kupiga picha za wauza samaki wa Kasenyi. Nilidhani picha ya soko ni mali ya kila mtu. Mama mmoja akajifunika uso kwa kitenge. «Mwanangu,» akaniita, «unanipeleka wapi?» Nilisimama pale bila jibu. Nilifuta picha mbele yake, nikaomba radhi, nikanunua samaki ambaye sikuwa nimepanga kumnunua.

Swali la mama yule lina uzito katika mji huu. Tarehe 12 Februari 2003 kamera ilimpiga picha Thomas Lubanga akizungumza na wapiganaji katika kambi ya mazoezi ya Rwampara, hapa jirani. Ile video ilifika hadi The Hague, na majaji waliitumia katika hukumu yao ya 14 Machi 2012 kuhusu watoto waliotiwa jeshini. Mtu wa Bunia anayeuliza picha inakwenda wapi hana ushamba wowote. Anajua kwamba picha inasafiri na kwamba inaweza kudumu kuliko sababu iliyofanya ipigwe. Kwa hiyo kabla ya kuwasha kamera, mwongozaji anaeleza yeye ni nani, anatafuta nini, nani ataona, na kwamba mtu anaruhusiwa kukataa, hata kesho yake. Kisha kuna ruhusa ya karatasi. Tangu Mei 2021 jimbo letu liliwekwa chini ya uongozi wa kijeshi, na kamera isiyo na barua huleta maswali. Barua ya chuo na ruhusa ya shefu wa kartie ni mahali pa kuanzia. Vizuizi vya barabarani, askari na uwanja wa ndege uviache kabisa.

Kuhusu vyombo nitasema machache. Telefone nzuri inatosha kujifunzia. Kinachoharibu kazi za wanaoanza ni sauti: upepo, pikipiki, jenereta ya jirani. Mikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo ina faida kuliko kamera mpya. Kila siku nakili picha mahali pawili tofauti. Kwa montaji, DaVinci Resolve lina toleo la bure lakini linadai kompyuta yenye nguvu. Kdenlive ni la bure pia na halina makuu.

Sasa niseme jambo linalotuhusu sisi wa kitivo cha lugha, maana naona hapo tumekalia mali bila kujua. Filamu ya Bunia ikitaka kutoka Bunia inahitaji maandishi ya chini ya picha. Kanuni ni kali: mistari miwili, herufi 40 hivi kila mmoja, na sekunde chache tu. Mtu katika kambi ya Kigonze anaulizwa habari, anajibu, «Tuko tu.» Kwa Kifaransa chetu tutaandika «on est là», na Mkongo ataelewa. Mtazamaji wa Berlin atasoma kwamba mtu yuko mahali fulani. Hatasikia kwamba hakuna jema la kutaja, na kwamba kulalamika pia kumechosha. Utafanya nini? Unaweza kubadili maneno, lakini unaweza pia kuchelewesha picha inayofuata ili uso umalizie maana. Uamuzi huo wa pili ni wa mwongozaji, na anayeweza kuufikia ni yule aliyesikia kwanza kwamba kuna kitu kimepotea. Wangapi kati yetu tumeandika TFC nzima juu ya tafsiri bila kuugusa mfano kama huo?

Lugha inarudi tena kwenye feza, na hapa ndipo ninapoanza kumjibu mama. Mifuko inayosaidia filamu, kama Fonds image de la Francophonie au IDFA Bertha Fund ya Amsterdam, hudai dosye: muhtasari, maelezo ya kwa nini wewe ndiye wa kuifanya filamu hii, maelezo ya utakachokipiga, bajeti. Ni kazi ya kuandika. Dosye mbaya huangusha wazo zuri.

Shule? Goma ilikuwa na Yole!Africa ya Petna Ndaliko Katondolo, yenye warsha na tamasha, lakini tangu Januari 2025 mji huo umo mikononi mwa M23, na safari ya kutoka huku si ya kumshauri mtu. Mwenye lisansi anaweza kuomba masta ya dokimantere katika Chuo Kikuu cha Gaston Berger, Saint-Louis, Senegali. Na Kampala kuna Nabwana I.G.G. wa mtaa wa Wakaliga, aliyejifundisha mwenyewe na mwaka 2010 akatoa Who Killed Captain Alex? akitumia kompyuta alizoziunganisha kwa mkono. Si filamu zangu zile, lakini haoni haya.

Mimi nimerudi sokoni mara nne bila kuwasha telefone. Mara ya tano mama yule wa samaki aliniambia nikae. Tulirekodi dakika 11. Nilipomwonyesha tafsiri yangu ya Kifaransa, binti yake akamsomea, naye akatikisa kichwa kwenye mstari wa tatu. «Sikusema nina huzuni,» akasema. «Nimesema nimechoka.» Nimeubadilisha.