SOMO LA REDIO: SONATA YA HAPSIKODI

Leo tutasikiliza kinanda cha Ulaya kiitwacho hapsikodi. Ndani yake mna nyuzi za madini. Mpigaji akibonyeza kibao, kijiti huruka na ncha ya unyoya wa ndege huudonoa uzi, kama kidole gumba kidonoavyo vyuma vya marimba ya mkono ya jirani zetu Wagogo. Lakini tofauti iko. Kwenye marimba, ukitia nguvu sauti hukua. Hapsikodi haijali nguvu: bonyeza kwa hasira au kwa upole, sauti karibu ni ile ile. Basi mtunzi afanyeje apate kishindo? Hupiga sauti nyingi kwa mara moja.

Fundi mkubwa wa jambo hili alikuwa Domenico Scarlatti, aliyezaliwa Napoli, Italia, mwaka 1685. Alimfundisha binti wa mfalme wa Ureno, akamfuata Hispania alipoolewa, akatunga sonata zipatazo 555. Msitafute mwimbaji, sonata ni muziki wa kupigwa tu.

Nyingi zina sehemu mbili, na kila moja hurudiwa. Ya kwanza huiacha sauti ya nyumbani, mithili ya mtu wa Mgeta ashukaye Morogoro na mboga zake. Ya pili ndiyo kupanda mlima kurudi. Hapo Scarlatti hupenda kuzunguka kwenye vijia visivyojulikana, nami hapo ndipo napapenda zaidi. Katika baadhi ya sonata mkono wa kushoto huruka juu ya wa kulia! Haya, tegeni masikio, santuri inaanza.