Ghala la dawa za kahawa: kuchimba, kufunika au kuacha?

Kiwanja chenye banda la zamani la kuhifadhia pembejeo huuzwa kwa bei ya kutamanisha. Kipo barabarani, sakafu ipo, pengine hata umeme umeshafika. Mnunuzi wa Tarakea, Rombo, anayetaka vyumba vya kupangisha karibu na soko au mpaka hupiga hesabu ya nondo na saruji, akasahau kuuliza humo ndani kilikuwa kinawekwa nini. Kama ni dawa za kahawa, hesabu inabadilika, na mara nyingine inavunjika kabisa.

Mfano tunao hapa nchini. Mwaka 1986 Tanzania ilipokea kutoka Ugiriki msaada wa tani 170 za viuatilifu, sehemu yake muda wake ukiwa umekwisha, vikawekwa katika banda la shamba la Vikuge, Kibaha. Banda likaanguka. Baadaye mabaki yaliyoonekana kwa macho yaliondolewa, na mtu angedhani kazi imekwisha. Watafiti waliochapisha vipimo vyao mwaka 2004 walikuta udongo wa juu una mabaki ya DDT hadi asilimia 28 na ya HCH hadi asilimia 6. Sumu ilishaingia ardhini hadi sentimita 50. Maji nayo yalikutwa na viuatilifu hadi mikrogramu 30 kwa lita, wakati Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya nusu mikrogramu ya viuatilifu vyote kwa jumla katika maji ya kunywa. Kwa hiyo kufagia na kubeba magunia si kusafisha. Hiyo ni sehemu rahisi, na ndiyo ambayo muuzaji atakuonyesha.

Matumizi ya kwanza, basi, yawe ya vipimo, na hapa wengi hununua kipimo kisicho chao. Kipimo cha rutuba ya udongo ni nafuu, lakini kinatafuta chokaa, fosforasi na potasi, DDT hakiioni. Kwa mabaki ya viuatilifu nenda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), Ngaramtoni, au ofisi ya Kanda ya Kaskazini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Arusha, useme wazi unatafuta nini, maana kila kundi la sumu lina bei yake. Usikubali udongo wa kiwanja kizima uchanganywe kwenye ndoo moja: sehemu chafu itazimwa na sehemu safi. Chukua mlangoni, chini ya mchirizi, mahali walipokuwa wakichanganyia dawa na kuoshea mabomba ya kupulizia, kisha ushuke hadi nusu mita. Vipimo vinne au vitano vya namna hiyo vitauma mfuko, lakini havifiki popote karibu na gharama inayofuata.

Kuchimba na kuteketeza ndiyo njia safi kuliko zote, na ndiyo ya matajiri. Viuatilifu chakavu vya Afrika vimekuwa vikifungwa upya na kusafirishwa hadi tanuri za Ulaya, na makadirio yaliyozoeleka ni dola 3,000 hadi 5,000 kwa tani. Chukua banda la mita tano kwa sita, uchimbe nusu mita: ni mita za ujazo 15, yaani kama tani 20 za udongo. Kwa dola moja kwa shilingi 2,500, unazungumzia shilingi milioni 150 hadi 250. Kiwanja chenyewe hakifiki huko. Atakayekuambia atachimba na kuubeba udongo kwa Fuso kwa bei ya kokoto, muulize anakwenda kuumwaga wapi.

Njia ya mboji inavutia zaidi, na ilipata sifa mahali ambapo hungetarajia. Milipuko ya maghala ya silaha ya jeshi, Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011, ilitufanya tuogope mabomu yaliyolala, lakini yako maeneo ya kijeshi ambako kilichosumbua zaidi ni maji ya kuoshea. Huko Umatilla, jimbo la Oregon, Marekani, kiwanda cha jeshi kilitoa baruti ndani ya mabomu kwa maji ya moto tangu miaka ya 1950 hadi 1965, na maji hayo yenye vilipuzi vya TNT na RDX yakamwagwa kwenye mabwawa ya wazi hadi yakafika kwenye maji ya ardhini. Badala ya kuchoma udongo wote, waliuchanganya: asilimia 30 udongo mchafu, iliyobaki samadi ya ng'ombe, alfalfa, vumbi la mbao, mabaki ya viazi na mbolea kidogo ya kuku. Bakteria wakafanya kazi yao. Takriban tani 15,000 zilisafishwa hivyo, na jeshi likakadiria limeokoa dola milioni 2.6 kulinganisha na tanuri.

Rombo samadi ipo, viazi vipo. Kabla hujaita wabeba samadi, kumbuka TNT huvunjika kwa bakteria, lakini DDT hung'ang'ania kwa miongo, na mrututu wa kupulizia kahawa hauvunjiki kabisa kwa kuwa ni shaba. Samadi na chokaa huifunga shaba isiingie sana kwenye mimea, haziiondoi. Hivyo kwa udongo wa mrututu tu, mboji ni matumizi mazuri ya fedha. Kwa DDT, ni kujifariji.

Inabaki kufunika: zege zito, paa, mtaro wa kupeleka maji ya mvua pembeni, na marufuku ya kulima, kufuga kuku au kuchimba choo hapo. Kwa mtu wa kawaida hili ndilo chaguo ninaloliona lina akili, mradi hapo pawe maegesho au ghala la saruji, si vyumba vya familia. Na liandikwe kwenye hati za mauziano, maana mrithi wako hatajua.

Nani alipe? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inamtaka mchafuzi abebe gharama. Tazama lakini muda unaotumika. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka betri kuukuu kilichochafua mtaa kilifungwa mwaka 2014. Mahakama ikawapa wakazi shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwaka 2020, pamoja na milioni 700 za kusafisha iwapo walioshtakiwa hawatasafisha wenyewe. Rufaa ikatengua mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikarudisha fidia ile Desemba 2024. Wewe una mkopo wa benki unaoanza kulipwa mwezi ujao. Toa malipo ya awali kidogo tu, uandike kwenye mkataba kwamba yanarudi majibu ya maabara yakiwa mabaya, na muuzaji akikataa sharti hilo, tafuta kiwanja kingine.