Bao Linapokolea Magomeni

Asiyelijua bao akipita barazani Magomeni jioni huona watu wanaopoteza muda. Asimame kidogo, autazame mkono wa mchezaji. Wa kushoto umefumbata kete, komwe za kijivu zinazong'aa kwa kushikwashikwa. Wa kulia unatia moja, unakula za mwenzake, unazigawa shimo kwa shimo kwa kasi isiyofuatika kwa macho ya mgeni. Honi za bodaboda wa Mapipa na mwendokasi wa Barabara ya Morogoro hazimfikii kabisa.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu 4, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, 6 kati ya hizo zikiwa ndani ya shimo maalumu liitwalo nyumba, na 22 mkononi. Hapo ni kunamua: kila zamu inaingia kete moja. Za mkononi zikiisha, mchezo unaingia kwenye mtaji, yaani kucheza kwa kete zilizo ubaoni tu. Utamu wenyewe uko hapa: kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete nyingine, mara nyingi zamu haijaisha. Mchezaji atakula, au atazichota zote aendelee, na huenda akazunguka mara kadhaa kabla ya kulala, yaani zamu yake kukoma. Bingwa huuona mwisho wa safari hiyo kichwani kabla hajagusa kitu. Uwezo huo ulimvutia Mholanzi Alex de Voogt, aliyewachunguza mabingwa wa Zanzibar na kuchapisha utafiti wake mwaka 1995.

Kwa nini mtu azame hivyo katika jambo lisilomlipa hata shilingi?

Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi aliwauliza swali hilo wacheza sataranji, wapanda miamba na wengineo, akatoa kitabu mwaka 1975. Aligundua kwamba raha hukolea pale ugumu unapolingana na ujuzi, lengo likiwa wazi na matokeo yakionekana papo hapo. Kazi nyepesi mno inachosha. Nzito mno inatia hofu. Bao lina masharti hayo yote ya raha, na ndiyo maana mchezaji mzuri humtafuta anayemzidi kidogo.

Magomeni ndiko alikoishi Mwalimu Nyerere enzi za kupigania uhuru. Nyumba yake sasa ni makumbusho. Naye alikuwa mpenzi wa bao. Akiwa Rais alipata pia nafasi ya kumtafsiri Shakespeare, na *Mabepari wa Venisi* ikatoka mwaka 1969. Mtu mwenye majukumu mazito kuliko wote nchini hakuona kwamba starehe ya akili ni uvivu.

Inasikitisha tu kwamba barazani wasichana ni nadra, ilhali hakuna kanuni inayowazuia. Anayetaka kuanza, awe binti au mzee, aombe bao la kujifunza: kila shimo linatiwa kete 2, hakuna kunamua, na mchezo unaanza moja kwa moja.